Mkono wa maiki wa kubana mezani: springi za nje, springi za ndani, au ule unaolala chini? Naomba mwongozo

Kinubi22

Wakuu salaam. Nimekwama kwenye kitu kidogo tu lakini kimeninyima raha wiki nzima. Nina chumba nimekigeuza studio, narekodi podikasti na kusoma simulizi, saa nyingine naingia laivu na kamera. Maiki ni Shure SM7B na mpaka leo imekaa kwenye kile kistendi kifupi cha mezani, sasa kila nikigusa kibodi inaingia dum dum kwenye rekodi, afu ili mdomo uifikie inabidi niiname kama naosha uso, saa moja ikiisha mgongo unadai haki zake.

Nimeamua ninunue mkono wa kubana mezani. Nimebaki na njia tatu na kila nikilala naamka nimebadili mawazo:

A – ule wa mkasi wenye springi zinaonekana nje, ule wa kawaida kabisa wa kila mtu.
B – wenye springi zimefichwa ndani, nimeutazama Rode PSA1+.
C – ule unaolala chini unapita chini ya monita, nimeutazama Elgato Wave Mic Arm LP.

Meza yangu ni chipbodi ya milimita 25, imegusa ukuta kwa nyuma, juu yake kuna monita mbili. Waliowahi kutumia zaidi ya mmoja ndo nawataka hasa, picha za matangazo nimeshazitazama zote.

FundiWaya

Mkuu kabla hujachagua herufi chukua mizani ya jikoni uweke maiki. Sitanii. SM7B yenyewe ni kama gramu 765, ukitaka kuongeza pop filta (kile kichujio cha kuzuia pumzi ya mdomo) ya kubana nayo ina uzito wake, na waya wa XLR (ule wa maiki wa pini tatu) unaoning'inia nao unavuta. Hesabu vyote vitakavyokaa kwenye ncha ya mkono, usihesabu maiki peke yake.

Watu wanasoma namba ya juu tu, "unabeba mpaka kilo kadhaa", basi wanaridhika. Mkono wa springi una namba ya chini pia na hiyo ndo inawaumbua wengi. PSA1 ya zamani ilitaka kuanzia gramu 700 mpaka kilo 1.1, maana yake ukifunga Audio-Technica AT2020 ambayo ni gramu 345 springi inaishinda maiki, unaachia mkono unapanda wenyewe taratibu kuelekea dari kama una shughuli zake huko juu. Nimeliona hilo kwa macho yangu, jamaa akaishia kufunga begi dogo la mchanga kwenye mkono ili ushuke 😂. PSA1+ wamelirekebisha, inaanzia gramu 94 mpaka kilo 1.2, kwa hiyo SM7B inaingia katikati vizuri hata ukiongeza kikorokoro juu yake.

Ukishajua uzito wako rudi tuongee A, B, C.

Kinubi22

Nimepima, pamoja na kile kifuniko kinene cha sponji na kipande cha waya imekuja gramu 870 hivi.

FundiWaya

Basi upo salama kwa B. Kwa A inategemea ni A ya nani maana humo ndani kuna mbingu na ardhi.

DadaSauti

Mimi nimetumia A miaka miwili, nikahamia C, sirudi nyuma. Nieleze kwa nini maana naona kila mtu ataanza na uzito.

Mkono wa juu unapita mbele ya uso wako. Ukiwa unarekodi sauti tu haina neno, ila umesema unaingia na kamera, sasa jua kwamba kiwiko cha mkasi kitasimama pembeni ya kichwa chako kwenye kila picha na kama taa yako iko upande huo unapata kivuli cha bomba kwenye shavu. Mimi nilikuwa nahangaika kila siku nausukuma huku nausukuma kule. Wa chini unatokea kifuani, mtazamaji anaona maiki tu, mkono haumhusu.

La pili ambalo sikulijua mpaka nilipohama. Maiki kama SM7B inasikia mbele zaidi ya nyuma. Ukiining'iniza kutoka juu ikakuangalia mdomo, basi inaangalia na kibodi pia kwa sababu kibodi iko chini yako kwenye mstari uleule. Ukiiweka chini ikaangalia juu kuelekea mdomoni, mgongo wake unageukia kibodi. Nilirekodi jambo lilelile kwa mikono yote miwili, umbali uleule, nikiwa nachapa kwa makusudi, na ile ya chini mibofyo ilipungua kiasi kwamba nilidhani nimesahau kuchapa.

Ubaya wa C nao nausema. Hauna springi, unashikiliwa na msuguano wa viungo. Maiki nzito ikikaa wiki kadhaa kiungo cha mbele kinaanza kuinama kidogokidogo, inabidi ukaze kwa ule ufunguo wa pembe sita, kwa hiyo ufunguo usiupoteze. Na ukiusukuma pembeni kiwiko chake kinafagia meza, mara mbili kimebeba glasi yangu ya maji.

mtoto_wa_besi

Mnaenda mbali. Mimi nina ule wa bei chee kabisa, wa springi nje, hauna hata jina, mwaka wa tatu huu na upo. Maiki yangu nyepesi lakini. SM58, gramu kama 300. Kama pesa inabana chukua A uendelee na maisha, sauti hatoi mkono inatoa maiki.

DadaSauti

@mtoto_wa_besi hakuna anayebisha kwamba sauti inatoka kwenye maiki, ila ugonge huo mkono wako kidogo kwa kidole wakati unarekodi afu usikilize na hedfoni.

mtoto_wa_besi

...nimegonga. Sawa. Unalia kama gitaa 😅

Mzee wa Fedha (Fader)

Vijana mmenichekesha. Huo mlio una maelezo, na mkiujua mtachagua kwa akili.

Huu mkono mnaouita wa maiki kwa asili ni mkono wa taa ya mezani. Mwingereza mmoja, George Carwardine, alikuwa mhandisi wa springi za magari, mwaka 1932 akasajili hataza ya taa inayosimama popote unapoiacha, springi zinachukua uzito kama misuli inavyoshika mkono wa mtu. Mwaka 1937 Jac Jacobsen wa Norwe akaja na Luxo L-1 kwa wazo hilohilo. Watu wa redio nao wakaona, kama linashika taa si litashika na maiki. Tatizo taa haisikii. Springi iliyovutwa ni waya uliokazwa, ukiugusa unatikisika, na kwa kuwa maiki imefungwa kwenye chuma kilekile mtikisiko unapita moja kwa moja mpaka kwenye rekodi. Tiiing. Mtu anapiga meza, tiiing. Unasogeza maiki katikati ya sentensi, tiiing, na kwenye kuhariri unaiona kabisa ule mstari mwembamba unaofifia polepole na huwezi kuutoa bila kuumiza sauti ya mtu.

Sasa B wanachofanya ni kuziweka springi ndani na kuzizuia zisitikisike, PSA1+ imevishwa na kitambaa cha mpira juu. Hauondoi mlio wote lakini unausogeza chini sana. A nzuri pia unaweza kuitibu mwenyewe: chukua sponji laini, kata vipande vyembamba, vipenyeze ndani ya springi zenyewe viguse mizunguko. Tulifanya hivyo sana enzi zetu. Haipendezi machoni lakini inanyamaza.

Kwenye studio za redio zenye uwezo utakuta Yellowtec m!ka, ile ya Ujerumani, waya umepita ndani kabisa na mkono hausemi neno. Huo sikushauri kwa chumba cha nyumbani, nimeutaja ili ujue mwisho wa barabara uko wapi.

Kinubi22

Asante Mzee. Dah, ile ya sponji nimeipenda. @DadaSauti umenivuruga, nilikuwa nimeshaelekea B.

seremala_kiraka

Mmeongea mkono mkono mkono, hakuna hata mmoja aliyemuuliza kuhusu MEZA. Chipbodi mm 25. Ndugu zangu.

Nifanye hesabu ya kifundi. Tuseme maiki na vikorombwezo vyake ni kilo 1.1 na ipo sentimita 60 mbele ya klampu, kile kibanio kinachoshika ukingo wa meza. Klampu inang'ata meza sentimita 5 tu. Ile ni jeki, nguvu inayofika ukingoni mwa meza ni kama kilo 13 zinazofukua kwa juu, na hapo sijauhesabu uzito wa mkono wenyewe, na hizo ni wakati umetulia, ukiuvuta kwa haraka ni zaidi. Chipbodi ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Inavumilia kubanwa ila ukiinyonganyonga sehemu moja kila siku inaanza kutoa makombo kwa ndani kabla hujaona chochote juu. Nimeletewa meza mbili za namna hiyo, moja ukingo umemeguka kipande kizima kama biskuti.

Dawa ni rahisi. Kata vibao viwili vya plaiwudi, sentimita 10 kwa 10, kimoja juu ya meza kimoja chini, klampu ing'ate vibao visukume meza. Nguvu inasambaa. Kati ya kibao na meza weka raba nyembamba, nyembamba nasema, usiweke sponji nene ukadhani unazuia mtikisiko, sponji nene klampu inayumba na mkono unachezacheza kama jino bovu. Pima pia unene ukishaweka vibao, kila klampu ina mwisho wake wa kufunguka na ukijumlisha plaiwudi mbili na meza unaweza kukuta haiingii.

Na kama meza ina kile kitundu cha kupitisha nyaya nyuma, mikono mingine inakuja na bolti ya kupita tunduni. Hiyo ndo bora kuliko zote, haina ukingo wa kumegua. Meza ya kioo usijaribu kabisa, hiyo hata sijadili.

Kinubi22

Tundu ipo!! Ya sentimita 6 hivi, nyuma kulia. Lakini sasa itakuwa imegusa ukuta.

seremala_kiraka

Hapo ndo shida nyingine, na watu wengi wanaijua baada ya kununua. Mkono wa mkasi ukiukunja kiwiko kinarudi NYUMA. Ukivuta maiki karibu na wewe kiwiko kinapanda, ukisukuma maiki ukutani kiwiko kinatoka nje ya meza. Meza imegusa ukuta, kitaenda wapi? Kitakwaruza rangi au mkono utasimama nusu njia. Sogeza meza mbele kama sentimita 20 au funga mkono pembeni ya meza badala ya nyuma. Pembeni ni vizuri zaidi hata kwa monita zako mbili, hutagonga.

FundiWaya

Hapo seremala kasema kweli, na C hauna hiyo shida maana unakunjika kwa ubapa, kushoto kulia. Ila C unataka nafasi ya kufagia mbele ya monita kama dada alivosema. Kila mkono una eneo lake la fujo, chagua fujo unayoiweza.

nyuzi_3

Kaka angalia na meno ya skrubu usije ukalia siku mzigo ukifika. Kuna tatu. Robo inchi, ile ya kamera. 3/8 ya inchi, Ulaya wanaipenda. Na 5/8, ile nene kama kidole, Marekani na maiki nyingi. Elgato ncha yake ni robo inchi afu wanakupa adapta za kwenda 3/8 na 5/8. Blue Yeti, ile maiki ya USB, ukiitoa kwenye kitako chake chini ina 5/8, na maiki bila kitako ni gramu 550 tu, watu wanapima pamoja na kitako wanapata zaidi ya kilo moja na nusu wanaogopa bure.

Adapta za shaba nzuri kuliko za plastiki. Na ukifunga adapta ndogo ndani ya kubwa kaza kwa sarafu au bisibisi pana, usikaze kwa vidole, la sivo siku unafungua maiki adapta inabaki ndani ya maiki na unaanza kuitafuta na koleo kama daktari wa meno.

laini_moja

SM7B mkono sio shida yako ya kwanza, shida yako ya kwanza ni gein, yaani kukuza sauti ya maiki. Hiyo maiki inataka kama dB (desibeli) 60, intafesi nyingi ndogo, vile viboksi vya kuunganisha maiki na kompyuta, hapo zinaanza kupiga mvumo. Nunua Cloudlifter, kikuza sauti kidogo cha maiki, inakuongezea mpaka dB 25 afu ndo uje kwenye mkono.

Mzee wa Fedha (Fader)

Hiyo mada nyingine mkuu, ila kuna kipande kinatuhusu: akinunua kikuza sauti cha namna hiyo akiweke mezani au kiwe chini karibu na intafesi, wapo wanaofunga kile cha kuchomeka moja kwa moja nyuma ya maiki, mara uzito umeongezeka na ncha imerefuka, mkono unainama, anaanza kulaumu springi.

Tena nikuongezee, mkono mzuri unakupunguzia hitaji la gein wenyewe. Ukisogeza maiki kutoka sentimita 30 mpaka 15, sauti yako inapanda kama dB 6 bila kugusa kitu, lakini mwangwi wa chumba unabaki palepale ulipokuwa. Hicho ndo unachonunua hasa ukinunua mkono. Unanunua zile sentimita 15, na uwezo wa kukaa umenyooka wakati unazitumia.

stendi_tu

Nitawaudhi. Kwa nini mezani kabisa? Mimi nina stendi ya sakafuni yenye kitako kizito cha chuma cha duara na bumu (fimbo ya kulaza inayofikisha maiki mdomoni), iko nyuma ya kiti pembeni, haigusi meza. Kibodi ipigwe, meza ipigwe, mtoto agonge meza na gari lake la kuchezea, kwenye maiki hakuna kitu. Nyote mnanunua mkono wa kubana kitu kinachotikisika afu mnatafuta dawa ya mtikisiko.

DadaSauti

Hoja nzito hiyo sikatai. Lakini mguu wa kiti je? Mimi chumba changu kiti kikirudi nyuma kinagonga kila kilichopo, stendi ya sakafuni ingekuwa inaanguka kila Jumatatu.

stendi_tu

Ya miguu mitatu ndiyo inaanguka. Ya kitako kizito ukiigonga inakuumiza wewe.

seremala_kiraka

@stendi_tu kama sakafu ni ya mbao nayo inapitisha hatua za miguu, usimdanganye mtu kwamba hakuna kitu. Kwa sakafu ya saruji nipo na wewe.

FundiWaya

Tumrudie mwenye swali. Kinubi, mtikisiko wa kibodi una dawa tatu za bure kabla ya mkono wowote. Weka kibodi juu ya pedi nene ya kitambaa. Nyuma ya SM7B kuna viswichi viwili, kimoja kinakata besi, kiwashe, zile dum dum nyingi ziko huko chini kabisa ambako sauti yako haina kazi. Au kata kwenye programu kuanzia 80 Hz kushuka. Fanya hivo leo na kistendi chako hichohicho usikie kimebaki nini.

Kinubi22

Nimefanya sasa hivi. Asee. Nusu ya tatizo imeondoka kwa kuweka taulo lililokunjwa chini ya kibodi 😂 imebaki mgongo sasa.

kiganja

Naomba nitoe onyo moja hakuna aliyelisema. Mkono wa springi ukiwa na maiki umetulia kama mwanakondoo. Ukifungua maiki bila kuushika, ile nguvu iliyokuwa inabeba karibu kilo haina tena cha kubeba. Mimi nilikuwa nimeinama nafungua nati kwa mkono wa kulia, kushoto nimeshika maiki, nati ikaisha, mkono ukaruka juu, ukanipiga kwenye daraja la miwani. Kioo cha kushoto kilitoka kikaviringika chini ya meza na mimi nimepiga magoti nakitafuta huku maiki nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Na huo ulikuwa mkono mzuri, haukuwa na kosa lolote, kosa langu.

Siku hizi naukunja kwanza mpaka mwisho naufunga na kamba ya velkro ndo nafungua maiki. Na wakati wa kuufunga mara ya kwanza usianze na maiki, anza na chupa ya maji. Chupa ya lita moja ni kilo moja, mimina mpaka uzito ukaribiane na maiki yako, itundike na kamba kwenye ncha uiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta chupa imeshuka ujue ingekuwa maiki.

mtoto_wa_besi

Hiyo ya chupa ni akili kubwa. Nikiri kitu sasa maana naona mnanionea huruma. Kabla ya huu wangu nilikuwa na mwingine wa bei hiyohiyo, plastiki ya kile kiungo cha katikati meno yalilika. Nilikuwa narekodi usiku, kimya kabisa, naona tu maneno yangu yanazidi kuwa hafifu kwenye skrini nikadhani nimechoka. Kumbe maiki inashuka. Polepole kama mzee anayesinzia kwenye kiti. Nami bila kujua naifuata, naifuata, mpaka kidevu kikagusa meza. Ile rekodi ninayo, dakika ya kumi na mbili unasikia mtu anaongea kutoka chini ya meza.

DadaSauti

😂😂😂 tuwekee hiyo

mtoto_wa_besi

Thubutu.

nyuzi_3

Waya nao. Kama mkono una mfereji wa waya ndani au klipu za chini tumia, ila ACHA KITANZI kwenye kila kiungo, upana wa vidole viwili vitatu. Ukiuvuta ukawa umekaza, kila ukinyoosha mkono waya unavuta plagi ya XLR nyuma ya maiki, siku moja inaanza kukwaruza krrr krrr unabadilisha waya bure. Na waya laini jamani, ule mgumu wa USB unaokuja kwenye boksi wenyewe ni springi ya nne, unasukuma maiki upande unaoutaka wenyewe.

Kinubi22

Wakuu nimesoma yote mara mbili. Niulize la mwisho. Mimi ninavyosoma simulizi nina karatasi au tableti mbele yangu, macho yanashuka. Je C itakaa mbele ya karatasi?

DadaSauti

Swali zuri, na hapa nitasema kinyume na nilivoanza. Ndiyo itakaa. Mimi sisomi, naongea na kamera, kifuani kwangu hakuna kitu. Wewe ukiweka maiki kifuani, karatasi itakuwa nyuma yake au utaiweka pembeni uwe unageuza kichwa, na kichwa kikigeuka sauti inabadilika rangi, msikilizaji anasikia kabisa sasa anasoma sasa anaongea. Kwa msomaji maiki itokee juu au ubavuni, isizibe mstari wa macho.

Mzee wa Fedha (Fader)

Umesema vema binti yangu. Kinubi, mkono ufungwe ubavuni kulia kama seremala alivyosema, maiki ije kwa pembeni kidogo ya mdomo isiwe mbele kabisa, iangalie kona ya midomo. Pumzi ya P na B inapita mbele ya maiki haiigongi. Karatasi inabaki katikati. Siku ya kamera unauzungusha wote unatoka upande wa pili wa taa.

stendi_tu

Au stendi ya sakafuni 🙃

Kinubi22

Jamani mrejesho, nimechelewa samahanini.

Nilichukua B. Stendi_tu usinune, nilipima nyuma ya kiti, haikai.

Nimefunga ubavuni kulia, plaiwudi mbili kama seremala alivoelekeza. Klampu ilitosha kwa tabu, kibao cha chini ilibidi nikipige randa kidogo. Chupa ya maji nimeitundika usiku mzima, gramu 870 hasa, asubuhi nimeikuta palepale na alama ya penseli niliyoweka ukutani haijapishana. Nikafunga maiki.

Mlio wa springi upo ukiutafuta. Nikipiga mkono kwa kidole nasikia "pu" fupi, ule wa tiiing haupo. Nikichapa juu ya taulo hakuna kitu, nikichapa bila taulo mibofyo ipo kweli, kama dada alivosema maiki inaangalia chini. Kwa hiyo taulo limepata ajira ya kudumu. Nimerekodi saa moja na dakika kumi nimekaa wima, nimesimama mgongo hauna neno.

Kitu kimoja hakikutarajiwa: kiwiko kiko sawa na usawa wa swichi ya taa ya ukutani. Jana nimevuta maiki karibu, chumba kikazima.

seremala_kiraka

Nilisema pima nyuma na pembeni, ya swichi sikuwaza 😂 sogeza klampu mbele vidole vinne.

Kinubi22

Nimesogeza vitatu, cha nne kina mguu wa monita. Kwa sasa inagusa haibonyezi.